Mwanaume kwa Kigogo

Dada yangu Lea anauza zabibu kandokando ya barabara pale Makutupora, na Kiswahili chake ni cha kazi hiyo tu: kutaja bei, kupunguza bei, kumfukuza mteja. Changu ni kingine. Mimi Ebenezer niliishia darasa la sita, lakini ukinisikia Kizota ninapochomelea mageti utadhani nimetoka bungeni. Nalitaja hili kwa sababu siku Lea alipokwenda Mahakama Kuu kumwokoa mwanawe na kitanzi, nilijitolea kumtafsiria, tena nimevaa koti, naye hakunitaka.

Mwanawe anaitwa Matonya. Ni mrefu, ana mabega ya kubebea mlango, ila akili iligoma kukua naye. Akihesabu hufika nne akaanza upya. Kazi yake ilikuwa kufukuza ndege kwenye mashamba ya zabibu, na sijasikia ndege aliyemdharau. Rika lake lilipoingia jando, wazee walisema huyu aachwe, ni mtoto. Lea akaenda kukaa mlangoni kwa mkuu wa jando, akakaa mpaka wakamchoka. Matonya akaingia, akatoka, akachezewa ngoma kama wenzake. Na kwetu aliyetoka jando haitwi mtoto tena, ni tusi. Kuna jirani aliwahi kumwita "mtoto mrefu". Lea alimchapa na mwiko, ugali ukiwa bado umeung'ang'ania.

Sasa sikia. Masharti ya jando wenzake waliyasahau kabla kidonda hakijapona. Matonya hakuyasahau. Mwanaume hakimbii. Mwanaume hambishii mkubwa wake.

Msimu wa mavuno mwaka juzi, asubuhi, wavunaji walimkuta msimamizi wa shamba, Ludovick, amelala katikati ya mizabibu, kichwa kimepasuliwa, shoka pembeni. Wote wakatimua mbio. Matonya akabaki. Alijaribu kumwinua, akashindwa, akavunja tawi, akakaa chini kumfukuzia marehemu nzi. Polisi walipofika walimkuta hapo, suruali ina damu. Mkubwa wao akamuuliza, "Ni wewe uliyemuua?"

Matonya akasimama wima. "Ndiyo, mzee."

Kiswahili chake chote ni hicho. Angemuuliza kama ndiye aliyechimba bwawa la Mtera angejibu hivyohivyo.

Kituoni wakaandika maelezo yake: "kwa hiari yangu mwenyewe na kwa kukusudia". Kiswahili kimenyooka hicho! Hata mimi nisingekiweza, na sifa zangu nimekwisha kuwapa. Lea alipofika wakamuuliza kama mwanawe ana akili timamu au ni kama mtoto. Alisikia hilo neno la mwisho tu, likampanda kichwani. "Mwanangu mwanaume kamili! Mwulize kama mwanaume!" Nalo wakaliandika.

Wakili tuliyepewa ni Yusra, binti wa wauza vitambaa wa mjini, mwembamba, faili lake ni nene kuliko yeye. Alitukalisha kwenye benchi nje ya mahakama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kwa kosa la kuua kwa kukusudia sheria inatoa adhabu moja tu. Kunyongwa."

Nikaingilia. "Siku hizi hawanyongi, mwanangu. Redio naisikiliza."

"Hawanyongi, mjomba, lakini wanahukumu. Atafungiwa na waliohukumiwa kufa, asubiri mpaka azeeke, na hatajua anasubiri nini."

Nikajifanya natengeneza koti.

"Daktari ameandika kwamba akili yake ni ya mtoto wa miaka sita," Yusra akaendelea. "Lakini upande wa pili wanakushikilia wewe, mama. Mwanaume kamili, umesema wewe uliyemzaa. Itabidi usimame useme ni mtoto."

"Yeye atakuwepo?"

"Atakuwepo. Atasikia."

Lea akanyamaza. Yusra akanigeukia nimtafsirie.

"Ameelewa," nikamwambia. "Ndiyo maana amenyamaza."

Siku ya ushahidi Matonya aliletwa na askari magereza, akapandishwa kizimbani, akatupungia mkono. Karani akatangaza kwamba mkalimani wa Kigogo yupo. Nami nikainuka nusu, nimpe jaji nafasi ya kuchagua, askari akanikalisha.

"Kigogo hapana," Lea akasema.

Jaji, mama mwenye miwani, akaweka kalamu chini. "Mama, una haki ya kusema kwa lugha yako. Kwa nini hutaki?"

"Kigogo, yeye mwanaume. Mimi siwezi vunja. Nasema Kiswahili."

Jaji akaokota kalamu. "Endelea."

"Ile polisi mimi nilisema jando. Leo nasema kichwa. Mwili imekua, kichwa imekaa nyuma. Shati, vifungo nafunga mimi. Wewe mkubwa ukimwambia ameiba mwezi, atasema ndiyo mzee. Huyu..."

Hapo neno likakwama. Akamtazama Matonya. Matonya alikuwa anatazama feni inavyozunguka, mdomo wazi.

"Huyu mtoto," akasema. "Mtoto kabisa. Mtoto."

Wakili wa Serikali akasimama. "Kwa polisi ulisema mwanaume. Leo mtoto. Uongo ni upi?"

"Uongo hakuna. Wewe kwa mama yako unaitwa wakili?"

Watu wakacheka, na jaji akawaacha kidogo kabla ya kugonga meza.

Wakati wa kutoka nilimpata Matonya koridoni, askari wamemshika huku na huku. Akaniuliza kwa Kigogo, "Mjomba, mama kaongea sana. Kasema nini?"

"Alikuwa anamwuzia jaji zabibu."

"Kanunua?"

"Anafikiria bei."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima anayeijua biashara. "Zabibu zetu tamu. Atanunua."

Jaji alifikiria karibu mwezi. Siku ya hukumu alisoma mpaka makalio yakafa ganzi, kisha akasema: Kiswahili cha yale maelezo si cha mshtakiwa, mtu anayesema ndiyo kwa kila kitu hajakiri kitu, na hakuna aliyemwona akipiga. Aachiwe huru. Aliyemuua Ludovick hajapatikana hadi leo.

Matonya alikuwa bado amesimama wima kizimbani. Akanitafuta kwa macho. "Mjomba! Kanunua?"

"Kanunua."

Lea hakumngoja. Alidandia bodaboda akatangulia nyumbani, nikabaki mimi kumleta. Tulipofika majirani walikuwa wamejaa uani, na habari za mahakamani zilikuwa zimetutangulia. Nilimwona hata yule wa mwiko, amesimama mbali kidogo, sikio tayari.

Kwetu mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Lea akatoka mlangoni, akajifunga kanga vizuri, akapiga goti mbele ya mwanawe, mbele ya watu wote.

"Mbukwenyi," akamwamkia, kwa wingi, kama wanavyoamkiwa wazee.

Matonya akavuta mabega nyuma.

"Mbukwenyi," akaitikia, sauti nzito ya kiume.

Kisha akamsogezea kifua amfungue vifungo vya shati.