Barua Mbili za Ijumaa

Kwa miaka ishirini na miwili shangazi yangu alikuwa mpiga chapa katika wizara ya mambo ya nje. Wenzake walimwita Bibi Mkato, maana hata barua ya mkurugenzi aliirudisha ikikosa alama moja.

Barua zote za kwenda kwa nchi jirani ya ng'ambo ya mto, ambayo tumenuniana nayo tangu kabla sijazaliwa, zilipita mikononi mwake. Kila msimu wa uchaguzi alichapa mbili kwa jambo lilelile, moja laini, moja kali. Zote zilitiwa sahihi mapema zikangoja jaladani. Ijumaa, kura ya maoni ya wiki ilipotoka, mkurugenzi alichagua ipi iende.

Safari hii jambo lilikuwa daraja. Barua laini ililifungua Jumatatu. Kali ililifunga hadi itakapotangazwa tena. Na ng'ambo ya daraja hilo yuko bibi yangu, mama yake shangazi. Figo zake zimegoma, na kila siku anamuulizia binti yake.

Mkurugenzi aliingia na karatasi ya matokeo mkononi.

"Tumeshuka pointi nne. Wapinzani wanasema tumelegea. Peleka kali."

"Mzee, mama yangu hamalizi wiki mbili."

"Pole, dada yangu. Vumilia. Tukishinda tunalifungua siku hiyohiyo."

"Mara iliyopita mlishinda."

"Mara iliyopita ulifuata uchaguzi wa madiwani."

"Basi Bibi Mkato," mama wa masjala akadakia, "mwambie mgonjwa asubiri kampeni ziishe." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Shangazi aliitia barua kali kwenye bahasha, akagonga muhuri. Aliniambia mkono haukumtetemeka hata kidogo, na kwamba hilo ndilo linalomtisha.

Ipo njia ya kuzunguka kupitia nchi ya tatu, siku tatu kwa basi. Ila daraja likifungwa, mtumishi wa wizara haruhusiwi kukanyaga ng'ambo. Kwa hiyo Jumatatu aliandika mistari miwili ya kuacha kazi.

Mkurugenzi aliisoma, akamsukumia. "Siipokei. Magazeti yakijua mchapaji wetu ana mama kule, tumekwisha. Niletee baada ya uchaguzi."

"Hata kuacha kazi?"

"Hata kuacha kazi."

Shangazi aliiacha mezani kwa mkurugenzi, akachukua mkoba. Nilimsindikiza kituoni mimi, nikitamani kumwambia jambo la maana, nikaishia kumuuliza kama amebeba sweta.

Leo ni siku ya pili. Asubuhi redioni rais amewaambia watu uwanjani kwamba wapo watumishi wa wizara wanaokimbilia kwa adui, na kwamba mpakani wanasubiriwa. Umati ukashangilia. Simu ya shangazi haipatikani. Bibi amepiga mara mbili kuuliza mwanawe amefika wapi. Mara ya kwanza nilimwambia yuko karibu. Mara ya pili sikupokea.