Pumzi Ndani ya Kisanduku cha Mpingo

Mzee Augustine hakuwahi kuacha kupuliza. Kila kilichotoka mikononi mwake, kiwe kinyago au mpini wa kisu, alikipeleka kwanza mdomoni akakipuliza taratibu, hata kama vumbi lilishafutwa zamani. Hata kigoda cha mgeni alikipuliza kabla ya kumkaribisha. Alikuwa Mmakonde wa Ukonga, mgane, na kuchonga alianza kabla hajaota ndevu.

Eliaichi, mtafiti kijana, alimfuata kwa ajili ya giza. Chuoni alikuwa akibuni kifaa cha kutambua virusi vya mafua kwa mwanga: kipande cha kioo chembamba, kimepakwa vinasaba vya kutengenezwa vinavyonasa vinasaba vya virusi. Vikinasa, kioo huwaka kijani kikimulikwa kwa taa ya buluu. Ila kijani hicho kilikuwa hafifu mno, na visanduku vya plastiki vyote vilipitisha mwanga wa nje. Mzee alimchongea cha mpingo, kifuniko kikafunga kama kope. Na kwa kuwa vioo vilikuwa vikimpasukia Eliaichi mikononi, kila asubuhi akitoka nyumbani Kinyerezi alipitia kwa mzee amvishie kioo kwenye kishikio chake.

Kisha mambo yakaharibika. Maji safi, ambayo hayakupaswa kuwaka kabisa, yakawaka. Wiki nzima. Kamati ya chuo ingekutana Alhamisi, na kama maji yangewaka tena mbele yao, kazi yake ya miaka minne ingefungwa. Mudathir, mwenzake wa maabara, alimtania: "Sista, hicho kifaa chako kinaona mafua hadi kwenye maji ya kunywa. Kesho kijaribu kwa soda."

Alibadilisha maji, akabadilisha dawa, akachemsha kila kilichochemshika. Jumanne, kwa uchovu tu, alikaa kwenye kigoda akamtazama mzee kazini. Mzee alikohoa begani, akakivisha kioo, halafu, kama kawaida yake, akakipeleka mdomoni akakipuliza.

Eliaichi alipaswa kufurahi. Kifaa hakikuwa kibovu. Lakini kilichomjia kwanza ni jambo jingine: kwa siku saba kisanduku kilikuwa kikimwambia kwamba mzee anaumwa mafua, naye alikuwa akikilaumu.

Mzee alidai ni vumbi la mpingo tu, wamezoeana. Eliaichi hakumsikiliza, alimpeleka hospitali siku ileile. Mapafu yalikuwa yameshaingiliwa, akalazwa. Alhamisi Eliaichi alivisha kioo mwenyewe, bila kupuliza. Mbele ya kamati maji safi yalibaki giza, na sampuli yenye virusi ikawaka kijani.

Jioni ile alikwenda wodini kumweleza mzee. Ilibidi amweleze na habari ya pumzi, akachelea mzee atajilaumu. Mzee alisikiliza amefumba macho, kisha akauliza kama ni kweli kisanduku kilimjua kabla ya daktari. Eliaichi alipoitikia, mzee aliridhika kama mtu aliyesifiwa mwanawe.

Jumamosi alikuta kitanda kimetandikwa shuka jipya, na muuguzi akampa pole. Alirudi Kinyerezi na kisanduku mapajani, akiyarudia moyoni maneno ya mwisho aliyoambiwa na mzee ile Alhamisi, alipokuwa akiinuka kuondoka:

"Ukifika, mwanangu, kipulize kwa niaba yangu. Ila kioo kitoe kwanza."