Maswali Aliyoyaacha Wazi

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni nilitoka kwetu Bungoma kwenda kufundisha hesabu karibu na Kiminini. Sikuwa nimesomea ualimu. Takwimu nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kikuukuu cha sokoni Kitale.

Shuleni pale, aliyeonekana dhaifu alirudishwa darasa la saba asije akashusha wastani wa shule kwenye mtihani wa la nane. Nikataka haki. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka kila swali lilikuwa na majibu manne ya kuchagua, kwa hiyo asiyejua hupata moja kati ya manne kwa bahati tu. Nikachora jedwali la kuiondoa bahati hiyo kwa kupunguza alama kwa kila swali ambalo mtu hakulipata, lionyeshe nani amemudu somo kweli. Nilifuta na kuchora upya hadi karatasi ikatoboka, na mwalimu mkuu akakubali litumike.

Msichana mmoja, aliyekwisha kurudia mara moja, alianguka chini kidogo ya kiwango. Baba yake alikuwa ameapa kwamba akirudishwa tena, shule basi. Ningeweza kukishusha kiwango. Niliogopa kuitwa mpendeleaji.

Majina ya watakaorudia yaliposomwa siku ya kufunga shule, nilitazama tena karatasi yake. Maswali tisa hayakuwa na jibu. Nikamwita.

“Kwa nini hukuchagua chochote?”

“Sikuwa najua, mwalimu.”

“Si ungeweka C kama wenzako?”

“Kanisani kwetu ati kubahatisha ni kamari.”

Yote aliyopata aliyajua, nami nilikuwa nimempunguzia bahati ambayo hakuwahi kuijaribu. Nilikokotoa upya: alikuwa amepita.

Nikakimbilia kwa mwalimu mkuu.

“Si ulisema hii kitu yako haikosei?”

“Nimekosea mimi.”

“Wewe bana. Wazazi wamesikia majina. Nikitoa moja, kesho wote wako hapa mlangoni.”

Januari msichana hakuja. Nilienda kwao, nikamkuta baba yake akikusanya mabua ya mahindi. Nilimweleza kila kitu.

“Kwa hivyo mtoto alikuwa anajua?”

“Alikuwa anajua, mzee.”

“Na akirudi, ataingia darasa gani?”

“La saba.”

Akainama, akaendelea na mabua yake. Binti alikuwa upande wa pili wa shamba, mgongo ukiwa kwetu. Sikumwita.

Na nakiri jambo hili: njiani kurudi sikuwa nikimwaza yeye. Nilikuwa nikiwaza mahali pa kuongeza, katika jedwali langu, safu ya maswali yaliyoachwa wazi.