Siku Fuso Lilipotuacha Wazi

Jamani, acheni nianze kujicheka mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi, baba mzima mwenye binti wa kuozesha, wakwe zangu walinikuta suruali wazi mchana kweupe.

Chanzo ni tezi dume. Mimi na shemeji yangu Masunga, kaka wa mke wangu, zilituvimbia wote, tukawa tunasimama chooni mpaka miguu inakufa ganzi kwa ajili ya matone tu. Yeye alipasuliwa tumbo, akalala wodini hadi manesi wakawa kama ndugu zake; mimi walipitisha kifaa kwenye njia ya mkojo wakaikwangua humohumo, nikarudi Bariadi mapema bila mshono (ingawa nilikojoa damu kwa muda, na daktari alinionya inaweza kuota tena). Tangu hapo tukikutana ni ubishi, nani kapona zaidi.

Siku wakwe walipoleta ng'ombe wa mahari kutoka Bukundi, tumeshashiba togwa, Masunga akaninong'oneza, "Shemeji, wewe ulikwanguliwa tu. Twende nikuonyeshe kazi ya kisu."

Ningekataa yangeisha. Nikasema, "Twende."

Chooni kulikuwa na foleni ya akina mama, basi tukajibanza nyuma ya Fuso lililoleta ng'ombe, likatukinga na turubai walikoketi wageni, tukaachia kwa pamoja. Raha iliyoje! Wake ulifika mbali, wangu haukuachwa sana, tukawa tunashangilia, "Umeona? Umeona huo?" na kwa kelele zetu na ngoma ya akina mama hatukusikia dereva akiwasha gari. Fuso likaondoka kwenda kushusha ng'ombe zizini.

Vigelegele vikakatika. Na kuuzuia katikati siwezi (hilo daktari hakuniahidi). Nikamsikia mke wangu tu, "Mayu wane, mama yangu! Baba Kabula!"

Nikarudi turubaini kichwa chini, nikijua ng'ombe wanarudi Bukundi na binti yangu Kabula hanisamehe. Baba wa kijana, mzee Ngolo, mtu asiyecheka ovyo, akanivuta pembeni. Nikajiandaa kutukanwa.

"Mzazi mwenzangu," akasema polepole, akanigusisha mfuko wa mkojo aliouficha ndani ya suruali, "mimi natembea na mpira. Kisu nakiogopa. Ninyi mlitibiwa wapi?"

Tukakaa naye, na kwa mara ya kwanza tukasema ukweli wote, Masunga maumivu ya kidonda chake, mimi ile damu. Nikamwambia, "Watapima tezi yako ilivyo kubwa, ndipo daktari aseme ipi inakufaa. Usichague kwa kutuangalia sisi."

"Nimeshawaangalia vya kutosha," akajibu, tukacheka mpaka akatokwa machozi.

Kabula akaolewa. Mzee Ngolo naye akaenda, akatibiwa, mpira ukatolewa. Juzi kanipigia simu kwa furaha: "Mzazi mwenzangu, njoo Bukundi, mlete na Masunga, tushindane!"

Nimempongeza kwa moyo wote. Nikamwambia sina haja ya kuona, nimemwamini kwa simu.