Kuku Watatu wa Kiti cha Nyuma

Kila nikiletewa gari la zamani nisafishe viti vyake vya reksini, ile ngozi ya bandia, huuliza kwanza lilikuwa la nani, na lilipakia watoto gani. Wateja hucheka. Nikifungua chupa ya mafuta ya taa, harufu yake hunirudisha uani kwetu, Kanazi, miaka ile wakimbizi walipovuka mto wa mpakani kuja kwetu.

Gari moja la wakimbizi liliishiwa petroli mbele ya nyumba yetu; wakalisukuma hadi uani, wenyewe wakaendelea kwa miguu hadi kambini. Kila wiki mama mmoja kati yao alirudi kulisafisha. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia bila kugeuka. Viti vyote alivisugua kwa sabuni ya mche. Kwenye kona ya kiti cha nyuma tu, palipochorwa jua na kuku watatu kwa kalamu ya wino, alipitisha kiganja na kulia.

Nilidhani wino umemshinda kuutoa. Siku moja, kabla hajafika, nikamimina mafuta ya taa ya koroboi kwenye kitambaa, nikasugua mpaka pakang'aa.

Alipofika nikamwonyesha, nikingoja sifa. Alipitisha kiganja pale palipokuwa na kuku.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu," akasema. Kisha akamgeukia mama yangu aliyekuwa mlangoni, akamwambia taratibu, "Aliyechora hakuvuka mto."

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Yule mama hakurudi tena. Gari likaota kutu pale pale uani, na kuku wetu wakawa wanatagia kwenye kiti cha nyuma.