Betri Mpya

Yule mrekodi kanda wa soko la Silibwet hakukuuliza unataka mwimbaji gani. Alikuuliza, "Leo moyo uko aje?" kisha akakutazama usoni huku akizungusha kanda kwa kalamu ya biki. Loice, aliyepitia kibandani kwake akitoka kuchuma chai, vidole bado vyeusi kwa majani, alipenda majina ambayo mrekodi aliziandikia kanda zake: "Mvua ya Saa Nane", "Nimekasirika Lakini Sijasema", "Usiniongeleshe". Ndani mlikuwa na muziki wa ng'ambo wa polepole, besi ikitambaa chini kwa chini, na mwanamke akiimba kama anayeongea usingizini. Soko zima lilidhani redio yake imeisha betri. "Nunua betri, wewe!" walimpigia kelele wapita njia. Yeye aliitikia kwa kichwa, hakugusa kitufe.

Siku hiyo alikuja Kiptum, mwenye kibanda, akabwaga betri mpya mezani. "Weka hizi. Ikiendelea kuvuta hivi, uhame na matanga yako." Watu wakasogea kucheka. Loice alidhani hapo mrekodi atazima. Mrekodi alishukuru, akatoa za zamani, akapachika mpya moja moja bila haraka, akabonyeza. Muziki ukatoka polepole vilevile, ila sasa ulisikika mpaka stendi. Kicheko kikakatika. Mrekodi akachukua kanda tupu na biki yake, akamtazama Kiptum usoni.

"Na wewe, mzee, leo moyo uko aje?"