Mguu wa Kulia, Pua Kushoto

Kosa nililolifanya mapema kuliko yote lilikuwa kufunga pedeli kinyume. Katika helikopta, ukisukuma pedeli ya kulia, pua inageukia kulia. Katika zangu, ukisukuma ya kulia, pua ilikwenda kushoto. Nilizitumia hivyo kwa wiki kadhaa bila kujua, na ninachoona aibu kukisema zaidi ni kwamba nilikuwa narusha vizuri.

Helikopta yenyewe haikuwapo. Ilikuwa mchezo ndani ya kompyuta, katika duka moja karibu na stendi ya Kyela, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Wakati huo kila aliyekwenda Dar es Salaam alirudi na kitu ambacho hakijawahi kuonekana kwetu. Mwenye duka, mfanyabiashara ambaye baba yake alihamia kutoka pwani, alirudi na kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya, na katoni yenye joistiki, diski ya mchezo na kitabu cha maelezo cha Kiingereza. Alikuwa akiuza vitenge, redio na vipuri vya baiskeli. Aliona watu wanavyolipa kuingia kwenye banda la video, akawaza kwamba watalipa pia kurusha helikopta.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, nikifungua redio za majirani na kuzifunga tena. Hakuna aliyenifundisha. Niliposikia habari za kompyuta nilikwenda dukani nikasema naweza kuiendesha, ingawa sikuwahi kugusa hata moja. Yule mzee alinitazama, akakubali kwa sharti ambalo lilininyima usingizi muda wote uliofuata. Kama mavuno ya mpunga yataisha na mashine haijaanza kuingiza chochote, joistiki itarudi kwenye katoni, kompyuta atapewa mchapaji kutoka Mbeya, na mimi nitarudi kwa baba yangu kwenye kokoa. Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Tatizo lilionekana siku ya kwanza. Helikopta inataka mikono miwili na miguu miwili. Mkono mmoja unashika joistiki, wa pili unapandisha na kushusha, na miguu inauzuia mkia usizunguke, kwa sababu lile pangaboi la juu likishika kasi, mwili mzima unataka kuzunguka kinyume chake. Sisi hatukuwa na pedeli. Kazi ya mkia ilikuwa kwenye vitufe viwili vya kibodi, na hakuna mkono wa tatu wa kuvibonyeza. Kila aliyejaribu alizunguka, akaanguka.

Nikaamua kutengeneza pedeli. Nilichukua ubao, nikatoboa tundu katikati, nikapitisha bolti na kuufunga juu ya kipande kingine cha ubao ili uzunguke kama usukani wa baiskeli. Kila ncha ilikuwa mahali pa mguu mmoja. Springi mbili za tandiko la baiskeli ziliurudisha katikati. Chini ya bolti nilifunga volyumu, yaani kile kidude cha ndani ya redio kinachoongeza na kupunguza sauti, na waya zake nikazipeleka nyuma ya kompyuta pamoja na za joistiki.

Volyumu ile ilinitesa. Mguu wa kushoto ulikuwa kama wa mgonjwa, unasukuma na pua haisogei. Wa kulia, ukiugusa tu, helikopta inazunguka. Niliukata ubao mara nyingi nikidhani kasoro iko kwenye urefu. Kumbe kidude cha sauti kimetengenezwa kwa ajili ya sikio, hakipandi sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuja kugundua kwamba kile kinachogawa sauti kati ya spika ya kushoto na ya kulia, kwenye redio kaseti kubwa, kinapanda sawa. Nilimwomba mzee redio kaseti moja mbovu iliyokuwa stoo. Akaniuliza kama helikopta yangu ina mpango wa kula duka lote, kisha akanipa.

Sikupata shida yoyote kuamua upande. Nimekulia kando ya ziwa, karibu na Lyulilo, na mitumbwi inayoleta vyungu kutoka Ikombe ndiyo niliyojifunzia kupiga kafi. Ukipiga kafi upande wa kulia, unakaza mguu wa kulia kwenye ubavu wa mtumbwi, na pua inakwenda kushoto. Usukani wa baiskeli ni vilevile: sukuma mkono wa kulia, gurudumu linaelekea kushoto. Nilifunga waya bila hata kuuliza akili yangu. Kitabu cha maelezo nilikisoma na kamusi pembeni, lakini kurasa za pedeli nilizipita kwa sababu zilihusu pedeli za kiwandani, na mimi nilijiona nimekwisha kutengeneza za kwangu.

Baada ya hapo mashine ilikuwa inafaa kutumika. Mimi nikakataa. Kila asubuhi niliipima upya: nasukuma joistiki hadi mwisho wa kila upande kama kompyuta inavyotaka, nasukuma pedeli, narudia. Niliona springi ya kushoto ina nguvu kidogo kuliko ya kulia. Niliona helikopta ikitetemeka nilipoweka miguu, nikaongeza kwenye mipangilio nafasi ya kulegea pale katikati, nikaona imezidi, nikapunguza. Ukweli ni kwamba iliyokuwa ikitetemeka ni miguu yangu. Mtu akisogea nilimwambia bado. Nilifunika pedeli kwa kipande cha kitenge kama chakula.

Siku moja nilikwenda kwa fundi baiskeli kutafuta springi laini zaidi. Niliporudi, kitenge kilikuwa chini na kwenye kiti changu alikuwa amekaa mchuuzi wa vyungu, mtu wa Ikombe ambaye huvivusha hadi Lyulilo siku ya soko na kisha kupanda gari kuja Kyela kununua sabuni na chumvi za kuuza kwao. Alikuwa amevua kandambili. Helikopta ilikuwa imesimama hewani, juu kidogo ya uwanja, haiendi mbele wala nyuma. Mimi mwenyewe ilinichukua siku nyingi kuisimamisha hivyo.

Hakugeuka. Akasema, "Mdogo wangu, mtumbwi wako huu mwepesi sana. Hauna hata mzigo wa kuukalisha."

Watu waliosimama mlangoni walicheka. Mzee alicheka kuliko wote, akatangaza hapo hapo kwamba Jumamosi tunafungua. Mchuuzi akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, akavaa kandambili zake, akaahidi kurudi na wenzake wamwone.

Nilitakiwa kufurahi. Badala yake nilichukua kitabu kuhakikisha kwamba hakuna nilichoacha, na safari hii nikasoma zile kurasa nilizoruka. Kulikuwa na mchoro wa mguu wa kulia, mshale, na pua ikielekea kulia. Niliusoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Nilianza kumwona mtu fulani, rubani wa kweli aliyevaa shati jeupe, akiingia dukani Jumamosi, akiweka miguu na kuuliza ni nani aliyefunga takataka hii. Kyela nzima hapakuwa na rubani. Hilo halikunisaidia.

Kugeuza ilikuwa kazi ndogo, kuhamisha waya mmoja tu kutoka ncha hii ya volyumu kwenda ile. Nililehemu Ijumaa, nikajaribu, nikaanguka mara tatu. Nikajiambia miguu yangu itazoea. Sikumwambia yeyote.

Jumamosi duka lilijaa hadi barazani. Wa kwanza kulipa alikuwa kijana anayebeba magunia ya mpunga kwa baiskeli. Helikopta ilinyanyuka, pua ikaanza kukimbia, akairudisha kama mwendesha baiskeli yeyote angeirudisha, nayo ikazidi kuzunguka. Sauti kutoka nyuma ikasema huyo anasaga unga, ateremshiwe debe. Akafuata mwingine, akasaga. Wa tatu akainuka kabla muda wake haujaisha, akidai arudishiwe chake.

Kisha akaja mchuuzi wa vyungu na wenzake wawili kutoka Ikombe. Alikuwa amewasimulia njia nzima, nadhani. Alikaa kwa kujiamini, akavua kandambili, akapandisha polepole. Pua ilipoanza kwenda kushoto akakaza mguu wa kushoto, kama ambavyo angefanya majini, na helikopta ikajizungusha na kujitupa chini. Alijaribu tena. Akajaribu tena.

Mmoja wa wenzake akasema, "Ndiyo hii uliyotupandishia gari kutoka Lyulilo?"

Mwingine akamwambia arudi kwenye vyungu, vyenyewe vikianguka angalau unapata vigae. Watu walicheka sana. Yeye aliitazama miguu yake, kwanza mmoja, kisha wa pili, na masikio yake yakawa yamesimama kama ya mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiona haya kwa sababu yangu.

Mzee alinivuta kando ya rafu ya redio.

"Umeigusa?"

"Nimeirekebisha, Mzee. Ilikuwa kinyume. Kitabu kinaonyesha..."

"Kitabu kimelipa?" Alinyoosha kidevu kuelekea barazani. "Nionyeshe rubani kati ya hawa."

Akasema nifungue waya, nirudishe kila kitu kwenye katoni, tusiendelee kuaibisha watu dukani kwake. Alikuwa ametulia, na nilijua akitulia hivyo amekwisha kuamua. Niliona kokoa ya baba waziwazi, hadi mchanga wa njia ya kwenda shambani.

Nilimwomba anipe muda wa kuhamisha waya mmoja. Akasogea kunipisha. Nilirudi pale kwenye kiti, na kabla sijapiga magoti nikasema kwa sauti ambayo wenzake wawili wangeisikia, "Si miguu yako, kaka. Mimi nimegeuza waya jana."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kulehemu. Na kulehemu nako kulikuwa kugumu, maana nilikuwa nakiharibu kitu kwa makusudi mbele ya watu, nikijua kitabu kinasemaje. Risasi ya kulehemu ilidondoka mahali pasipo pake. Mchuuzi aliinama akanishikia ubao usicheze. Hakuniuliza kwa nini niligeuza. Aliuliza tu kama sasa itamsikia.

Ilimsikia. Aliinyanyua, pua ikaanza kwenda, akakaza mguu, ikarudi. Aliisimamisha juu ya uwanja kwa muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza, kisha akaipeleka mbele hadi mwisho wa uwanja na kuirudisha. Halafu yule wa vigae akaanza kuvua viatu vyake taratibu, na watu wakamwambia kuna foleni.

Mzee hakuzungumza tena habari za katoni. Mavuno yalipoisha nilikuwa bado pale, na nilikaa miaka mingine kadhaa, hadi watu walipoanza kutaka zaidi kuchapiwa barua kuliko kurusha helikopta. Baadaye niliweka swichi ndogo ya redio kando ya ubao, ili anayetaka upande wa kitabu aupate. Mwalimu mmoja wa sekondari aliitumia, akaanguka kwa heshima zote, akairudisha upande wetu. Mimi mwenyewe nilijifunza pande zote mbili, na mpaka leo nikiwa na wasiwasi miguu yangu inachagua ule wa ziwani.

Bado napima vitu mara nyingi kuliko inavyohitajika, na bado nasoma kitabu cha maelezo hadi ukurasa wa mwisho. Kilichobadilika ni kwamba nikitengeneza kitu siku hizi, namwita atakayekitumia akijaribu kikiwa bado kina kasoro, na nikikigusa baada ya hapo namwambia.